Seva tatu za korosho, moja inasema uongo

MwanaKitangari: Wakuu, natengeneza daftari la pamoja la uzito wa korosho kwa maghala matatu: Newala, Tandahimba na Masasi. Kila ghala na seva yake, na uamuzi ni wa kura, mbili zikiafikiana basi. Kwenye majaribio, seva ya Masasi imeiambia Newala kilo 80, ikaiambia Tandahimba kilo 62, gunia ni lilelile. Kura imekwama. Nirekebishe wapi?

Bahari_Lindi: Tumia Raft mkuu, ule utaratibu wa kuzifanya seva zikubaliane, seva tatu zinatosha.

DadaMikindani: Hapana, mtampoteza mdogo wangu. Raft inavumilia seva iliyozimika, haivumilii inayodanganya. Umeme ukikatika Masasi, mbili zilizobaki zinaendelea na kazi. Hii yako iko hai na ina kauli mbili.

Kaa upande wa Newala uone. Masasi kakwambia 80. Tandahimba anasema, "Mimi Masasi kaniambia 62." Nani mwongo? Huenda Masasi, huenda Tandahimba anamsingizia, na wewe uliyeko Newala huna pa kuwatofautishia. Ndiyo hoja ya majenerali wa Bizanti, wanaotakiwa kukubaliana huku baadhi yao ni wasaliti, ya wataalamu wa kompyuta Lamport, Shostak na Pease, 1982: kumvumilia mwongo mmoja unahitaji seva nne, wawili unahitaji saba.

Ukiweka saini za kidijitali, 80 na 62 zote zitakutwa na saini ya Masasi, kaumbuka. Hata hivyo weka ya nne, maana mtandao wa huku ukichelewa huwezi kujua mwenzio kanyamaza au ujumbe bado uko njiani. Wataalamu wengine, Castro na Liskov, walionyesha mwaka 1999 kwamba kumvumilia mwongo kwenye mtandao wa namna hiyo kunawezekana bila kazi kuwa nzito mno: kati ya nne, subiri tatu zikubaliane. Makundi yoyote mawili ya seva tatu yatakutana kwenye seva mbili, na mwongo akiwa mmoja, hapo hakosi mkweli.

Na nakuomba sana, hiyo ya nne asiishike mwenye nywila ya Masasi.

MzeeWaMizani: Na karani akiandika 62 badala ya 80? Seva zote nne zitakubaliana, mkulima kaumia.

DadaMikindani: Kweli mzee wangu, hilo seva haziliponyi. Mkulima apate ujumbe kwenye simu palepale mizanini, gunia halijabebwa.

MwanaKitangari: Shukrani dada, shikamoo mzee. Ya nne nitaomba iwekwe Nanyumbu. Ufunguo wa saini je, mmoja kwa wote?

DadaMikindani: Kila seva na wake, na usinakiliwe popote.