Kuna mtu kwenye wiki ya kikundi chetu (kurasa za mtandaoni tunazohariri wote) atanipeleka jela

Mleta uzi: Wakuu, mnamjua. Kila kikundi kinaye. Anaandika "tupo pamoja" halafu anayeyuka hadi usiku wa kukusanya kazi.

Sehemu yote ya nadharia niliandika mimi, vyanzo na viungo juu. Usiku jamaa kaingia, kafuta ukurasa mzima, kahifadhi ukiwa mtupu, kisha kabandika maandishi yaleyale, neno kwa neno, mpaka kosa langu la kuandika "uchambuizi" lipo palepale! Historia ya ukurasa sasa inasema kaongeza yote yeye.

Leo mhadhiri kamsimamisha mbele ya darasa: "Huu ndio ushirikiano." Jamaa kainamisha kichwa kama bibi harusi. KAFUTA, KABANDIKA, KAPIGIWA MAKOFI!

Mzee wa Nukta: Pole mkuu. Wiki haitupi kitu, toleo lako bado lipo. Lilinganishe na la kwake, mpelekee mhadhiri.

Mleta uzi: Nimempelekea! Kanijibu "ya kikundi malizeni wenyewe". Si yeye aliyetuambia tutumie wiki ili aone nani kafanya nini? Anatazama nani kaongeza maandishi mengi, basi. Kabandika, jamani! Kabandika!

Kiti_cha_Nyuma: Povu lote hili kwa nadharia? Mtu wa "uchambuizi" alistahili kufutwa.

Binti Maktaba: Bora wenu anabandika. Wetu kafungua ukurasa kuhariri kwenye Moodle, ule mfumo wa masomo mtandaoni, kauacha wazi, kalala. Wote tukawa tunaambiwa kuna mtu anauhariri. Tumekesha tukimpigia simu!

Daftari Tupu: Nyie hamjakutana na wa koma. Anaweka koma, anahifadhi. Anaitoa, anahifadhi. Kwa idadi ya marekebisho katuacha wote mbali, na alama kapata.

Mzee wa Nukta: Ward Cunningham alipoanzisha wiki ya kwanza mwaka 1995, watengeneza programu waliitumia kubadilishana mawazo. Hakuna aliyekuwa anapewa alama. Weka alama uone watu wanavyogombea koma.

Mleta uzi: Turudi kwa aliyenifuta basi!

Kiti_cha_Nyuma: Subiri mkuu. Daftari, huyo wa koma ni mrefu, anavaa miwani?

Daftari Tupu: Huyohuyo!

Kiti_cha_Nyuma: Ana chaja yangu tangu muhula uliopita.

Binti Maktaba: Na yangu!!