Korodani ya kushoto inauma na kuacha kwa miezi minane: ni ngiri au ni nini?

Zabibu Nyeupe
Wakuu, naomba msaada wa wanaojua. Mdogo wangu ana miaka 22, anaendesha bodaboda Nkuhungu, hapa Dodoma. Ni miezi minane sasa korodani ya kushoto inamsumbua. Mara nyingi ni maumivu ya kuvuta, kama kuna kitu kizito kinaning'inia, na jioni ndiyo yanazidi. Lakini mara mbili yamemjia ghafla usiku, makali, mpaka akatapika, na baada ya kama nusu saa yakakata yenyewe. Mkojo haumchomi, usaha hakuna. Kapima mkojo mara tatu, zote kaambiwa UTI na kupewa vidonge. Nyumbani wanasema ni ngiri, achemshiwe mizizi. Aanzie wapi?

Kota za Area C
Mkuu, mimi hiyo miezi minane hainitishi kama zile mara mbili za usiku.

Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu. Kwa baadhi ya wanaume haikushikwa vizuri ndani ya mfuko, inabembea kama ulimi wa kengele, kwa hiyo inaweza kuzunguka na kujinyonga. Ikizunguka kisha ikarudi yenyewe, maumivu hukata ghafla vilevile yalivyokuja, na mtu anaamka asubuhi mzima kabisa. Siku ikigoma kurudi, damu haipiti. Akifanyiwa upasuaji ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, mara nyingi korodani huokolewa. Ikifika saa 12 ni bahati nasibu. Ikipita saa 24, kwa kawaida hutolewa.

Yakimrudia makali namna ile na yasikate, asimeze kidonge akasubiri kupambazuke. Aende usiku huohuo dharura, hospitali ya General (ya rufaa ya mkoa) au Benjamin Mkapa, na kwa aibu zetu tunazozijua asiseme "tumbo linauma". Aseme korodani imeuma ghafla, na ataje saa ilipoanza. Asile wala asinywe kitu njiani, maana huenda akahitaji nusu kaputi. Daktari ataangalia kama korodani imepanda juu au imelala upande, na atamkwaruza paja kwa ndani: korodani isiyo na tatizo hujivuta juu, iliyojinyonga kwa kawaida haijivuti. Aliyeko Kondoa, kilomita karibu 160 kutoka mjini, aanzie hospitali ya wilaya saa hiyohiyo, asingoje basi la alfajiri.

Jambo linalowaponza wengi ni utrasaundi. Ikipigwa maumivu yameshakata, inaweza kuonyesha kila kitu kiko sawa. Hiyo haifuti historia. Daktari wa upasuaji akiridhika na maelezo, anazishona korodani zote mbili zisizunguke tena. Zote mbili, kwa sababu hitilafu hiyo mara nyingi huwa pande zote.

Tabibu wa Barabara ya Bahi
Naungana na wa juu, ila yale maumivu ya kuvuta ya jioni yana sura nyingine, huenda ni tatizo la pili. Kushoto, yanazidi kwa kusimama au kukaa sana kwenye pikipiki, yanapungua akilala chali: mishipa ya vena iliyovimba, yaani varikoseli. Kushoto ndiko kunakopatwa zaidi kwa sababu vena ya upande huo inapanda na kuingia kwenye vena ya figo kwa pembe mraba, damu inarudi chini kwa urahisi. Asimame, abane pumzi kama anayesukuma choo, apapase juu ya korodani. Akihisi kitu kama fungu la minyoo, ndiyo hiyo. Akilala linapaswa kunywea. Lisiponywea, au likitokea kulia peke yake, apigwe picha ya tumbo, isijekuwa kuna uvimbe unaokandamiza mshipa.

Tiba huanza na chupi inayoshikilia vizuri, kupunguza kubeba mizigo, na ibuprofeni 400 mg mara tatu kwa siku baada ya chakula, siku chache tu (mwenye vidonda vya tumbo asiiguse). Isiposaidia kwa miezi kadhaa, au ikiwa korodani inasinyaa, ni kufunga mishipa kwa upasuaji. Wengi hupata nafuu, si wote.

Sasa hiyo UTI. Kijana wa miaka 22 kuugua UTI mara tatu ni jambo la nadra. Maambukizi ya mrija wa mbegu kwa umri huu mara nyingi ni magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono: uvimbe nyuma ya korodani, maumivu yanayopanda kwa siku kadhaa, pengine bila usaha wowote. Hapo ni sindano moja ya seftriaksoni pamoja na doksisaiklini 100 mg asubuhi na jioni kwa siku 10. Mwenzi atibiwe pia, na wasikutane mpaka wote wamalize. Mwenye kumeza siku tatu akaacha, au akatibiwa peke yake, ndiye anayerudi kila mwezi akisema ugonjwa ni sugu.

Mvuvi wa Mtera
Msisahau kichocho kwa waliokulia wakioga kwenye malambo na mabwawa. Mkojo wenye damu mwishoni, maumivu ya kinena. Mkojo upimwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Prazikwanteli ni 40 mg kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya 600 mg baada ya kula.

Na mawe ya figo. Maumivu huanzia ubavuni yakashuka mpaka korodani, mtu hatulii, anagaagaa. Watu hapa wanayasingizia maji ya visima yenye chumvi, lakini kwa jua letu hili kosa kubwa zaidi ni kunywa maji kidogo. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, hunywi ya kutosha.

Mzee wa Majengo
Si punyeto hiyo? Vijana wa siku hizi.

Tabibu wa Barabara ya Bahi
Hapana mzee wangu. Kusisimka muda mrefu bila kumaliza kunaweza kuleta uzito kwenye korodani, nao unaisha ndani ya saa chache. Hakumfanyi mtu atapike usiku.

Ngiri halisi ni utumbo unaoshuka kinenani: uvimbe unaotokea akikohoa na kurudi akilala. Hakuna mzizi unaoziba tundu hilo, ni upasuaji. Uvimbe ukigoma kurudi, ukauma na akatapika, hiyo nayo ni dharura.

Zabibu Nyeupe
Nimewaelewa, asanteni sana. Anaenda Jumatatu. Aombe vipimo gani?

Kota za Area C
Aombe kuonana na daktari wa upasuaji au wa mfumo wa mkojo, asiishie maabara. Utrasaundi ya Dopla (inayoonyesha damu inavyopita) ya korodani zote mbili, akiwa amelala kisha akiwa amesimama amebana pumzi. Mkojo wa kawaida, na mkojo unaotoka mwanzo kabisa anapoanza kukojoa, kwa klamidia na kisonono kama kipimo kipo. Asikojoe saa moja kabla yake. Aziandike zile mara mbili kwenye karatasi: tarehe, saa, dakika ngapi, alitapika au la. Ampe daktari karatasi hiyo kabla hajaulizwa chochote. Na yakimkamata kabla ya Jumatatu, asiingoje Jumatatu.