Bima, SORN na gari lililolala tangu Novemba

Kutoka: Mtoto wa Kibokoni
Asalaam aleikum jamaa, habari za huko kwenye baridi. Nimekwama. Nilikuja nyumbani Novemba kumuuguza mama, gari nikaliweka SORN, yaani nikaiarifu serikali kwamba haliko barabarani, nikalifungia kwenye gereji ya nyumba pale Leeds. MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, imekwisha Januari, hilo si neno. Neno ni bima. Kampuni ilipeleka barua Leeds kwamba nisipojibu kwa siku 14 itanikata, na mimi niko Mombasa kwenye baraza na kahawa chungu. Wamenikata. Narudi tarehe 3 Aprili, nataka bima ianze siku hiyo hiyo nilipeleke MOT. Wao wanataka bili ya maji au ya umeme yenye jina langu, isiyozidi miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo mimi niko huku! Taarifa ya benki ya kwenye simu wameikataa, lazima karatasi. Nani keshapitia haya?
La pili, nimemwambia mtoto wa ndugu yangu aende kila Jumapili aliwashe dakika mbili tatu, injini isishikane. Vizuri, sivyo?

Kutoka: Mama wa Leicester
Pole kwa kuuguza, Mungu ampe mama shifaa. Usisahau SORN hufanywa upya kila mwaka. Mimi nilisahau nikapigwa faini.

Kutoka: Fundi Mstaafu, Glasgow
Mama wa Leicester, hiyo habari ya kale. Tangu Desemba 2013 SORN haifanywi upya, inakaa mpaka ulipie kodi ya barabara au uliuze gari. Tusipotoshane.
Kibokoni, gari la SORN huruhusiwi kulitia barabarani ila kwenda kwenye MOT uliyokwisha wekea miadi, na bima uwe nayo. Miadi weka kwenye simu, ukisimamishwa uonyeshe.
Hilo la dakika mbili, kijana aache leo. Injini haipati moto, maji yanatuama kwenye bomba la moshi, na kila akipiga stata anachota betri zaidi ya inavyorudishiwa. Gari ama liendeshwe mwendo wa maana, ama liachwe lilale. Halafu nambie, analiwashia wapi?

Kutoka: Mtoto wa Kibokoni
Nimemuuliza. Mle mle ndani ya gereji. Mlango anaushusha, asema baridi inamkata masikio.

Kutoka: Fundi Mstaafu, Glasgow
La haula! Mwambie sasa hivi, usingoje Jumapili. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na ikipata kimlango cha kuingilia nyumbani hupita mpaka chumba cha kulala. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja, basi. Gari lisukumwe nje kwanza, ndipo liwashwe. Likishindikana kusukumwa, lisiwashwe kabisa, hata mlango ukiwa wazi.
Na kabla ya ufunguo, afungue boneti na tochi. Panya wa huku wanapenda joto kama sisi. Mimi nilikuta kiota kizima ndani ya boksi la filta ya hewa, pamba ya kiti cha nyuma na maganda ya njugu, na waya mbili zimetafunwa hadi shaba. Ningewasha pale pale ningeunguza gari. Achungulie na bomba la moshi, wanaingia humo pia. Kisha oili kwenye kijiti, maji ya rejeta, mafuta ya breki, na sakafuni chini ya gari kama pana doa bichi. Tairi zitakuwa zimeshuka, upepo hupungua kidogo kidogo kila mwezi na baridi huzidisha. Azijaze. Mwanzo zitagonga kama punda mwenye kwato mbovu kwa kuwa zimekaa upande mmoja, zikipata moto hunyooka. Breki ya mkono uliivuta?

Kutoka: Mtoto wa Kibokoni
Niliivuta. Gereji ina mteremko.

Kutoka: Fundi Mstaafu, Glasgow
Basi huenda imeshika kutu. Gia moja na gogo nyuma ya tairi lingetosha. Asilazimishe kwa resi.

Kutoka: Mswahili wa Edmonton
Nyinyi wa Uingereza baridi mnaisikia redioni. Huku Kanada baridi ikifika nyuzi -30 gari unalichomeka umeme ukutani kama friji usiku kucha, ndiyo injini ikubali asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kuiazimia moto wa gari jingine betri iliyoganda ikavimba tumbo, jirani mzee akanishika mkono. Betri iliyoganda haichajiwi wala haiazimiwi moto, inaweza kupasuka ikakumwagia asidi usoni. Ilikwisha moto ndiyo ikaganda, iliyojaa haigandi kirahisi. Na waya nyeusi mwisho wake usiufunge kwenye betri mbovu, ufunge kwenye chuma cha injini mbali na betri.

Kutoka: Mrejea, Bamburi
Mimi nilirudi kabisa, na nawaambia afadhali barafu. Langu lilikaa miezi minane nyuma ya nyumba, chumvi ya bahari ikala sakafu mpaka nikaona mchanga chini ya miguu. Lipakie melini ulilete, Kibokoni.

Kutoka: Mama wa Leicester
Na anayerudi halipi ushuru.

Kutoka: Mrejea, Bamburi
Si hivyo hivyo, mama. Uwe umekaa nje miaka miwili, na gari umelimiliki miezi 12 kamili. Asiyetimiza hayo analipa, na gari lililozidi miaka 8 halipokelewi. Nilisimama foleni hiyo mwenyewe. Na usitegemee mafundi wa zamani wa Changamwe, makontena yalipolazimishwa kupanda SGR, ile reli mpya, moja kwa moja Nairobi, hadi amri ilipofutwa 2022, malori yalipungua, na mafundi wengi wakaenda na njia zao.

Kutoka: Mswahili wa Edmonton
Umeanza siasa.

Kutoka: Mrejea, Bamburi
Njaa si siasa. Njoo Miritini uone.

Kutoka: Mtoto wa Kibokoni
Jamani, shukran, lakini bili?

Kutoka: Mama wa Leicester
Wewe uko kwa mahamri na mbaazi asubuhi, unalia bili. Huku leo nimekula mkate wa dukani kama sponji.

Kutoka: Fundi Mstaafu, Glasgow
Petroli uliacha kiasi gani? Hii E10 ya tangu 2021, petroli iliyochanganywa ethanoli, inavuta unyevu ikilala kwenye tenki tupu. Kama ni nusu, ajaze mpya juu yake. Akiwasha, kwanza ageuze ufunguo aisubiri pampu ivume, ndipo apige stata sekunde tano, apumzike nusu dakika, arudie. Taa ya oili isipozima mara moja, azime.

Kutoka: Kijana wa Leeds
Ami, ni mimi, umeniunganisha humu. Mlango nimeufungua, gari nimelisukuma nje hadi kwenye kinjia kati yetu na jirani. Betri inasoma volti 11.9, nimeipeleka ndani kuchaji, iko jikoni karibu na dirisha. Panya hakuna, ila kuna buibui kwenye kioo. Bomba safi. Breki ya kushoto nyuma ilinasa, nikaitikisa mbele nyuma ikaachia kwa kishindo.
Halafu barua zimejaa nyuma ya mlango mpaka ulikataa kufunguka. Bili ya maji nimeiona, jina lako lipo. Ni ya Oktoba.