Mrejesho: Nimefika Guangzhou

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza kama naweza kufuata mzigo wa mikoba China bila kujua Kichina. Leo ni siku ya nne niko Guangzhou. Aliyenisisitiza niweke Alipay, app ya malipo ya Wachina, kwenye simu kabla ya kutoka Dar, Mungu ambariki: hapa hata muuza viazi vitamu wa barabarani unamlipa kwa kuskani, noti zangu zimelala tu. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya hoteli, kwa hiyo na mke wangu tunaongea WeChat. Huku Sanyuanli, eneo la masoko ya mikoba, mikoba ni bahari! Bei tunaandikiana kwenye kikokotoo, na wanapunguza kweli ukichukua nyingi. Jana mtaa wa Xiaobei nilisikia Kiswahili, moyo ukatulia kabisa. Kesho napeleka mzigo kwa wakala wa usafirishaji ukapimwe.