Kocha wa farasi anamwandikia binti yangu usiku, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Naishi Virginia, Marekani. Binti yangu wa miaka 13 anajifunza kuruka viunzi kwa farasi. Nimekuta kocha wake anamtumia meseji usiku: "Usimwonyeshe mama, atakukataza kuja." Na sasa anataka kumchukua peke yake kwenye gari lake, eti mashindano ya jimbo jingine!

Kwa kanuni za SafeSport, kituo cha Marekani kinacholinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji, kocha haruhusiwi kumwandikia mtoto mchezaji faraghani bila mzazi au mtu mzima mwingine kuwekwa kwenye ujumbe. Na hawa hawaogopi majina: mwaka 2019 walimfungia maisha George Morris, kocha wa zamani wa timu ya taifa, kwa makosa ya kingono yaliyomhusu mtoto.

Wazazi wenzangu pale zizini wanasema nisimharibie mtu jina. Mume wangu anataka tuhame kimyakimya. Sasa watoto wanaobaki je?

Meseji zote nimezipiga picha. Mliowahi kuripoti, mtoto anahojiwaje? Nianze polisi au SafeSport? Na binti niongee naye vipi? Analia tu, anadhani nitamtenganisha na farasi wake.