Majirani wa Kibokoni: maonyesho ya Jumamosi

Alhamisi

Faiza, 19:42: Assalaam aleikum majirani. Maonyesho ni Jumamosi saa kumi alasiri, uani kwetu. Wasanii tisa, wote wanawake, na kazi zote zahusu nguvu za mwanamke. Pesa zitakazopatikana ni za nauli na chakula cha akina mama wanaokwenda kutibiwa fistula.

Ami Athmani, 19:44: Waaleikum salaam. Hiyo fistula ndiyo nini hasa? Nisije nikachangia kitu sikijui.

Mwanaisha, 19:48: Ami, mama akishikwa na uchungu siku mbili tatu, mtoto amekwama na hakuna wa kumpasua, kichwa cha mtoto hugandamiza nyama baina ya kibofu na njia ya uzazi mpaka damu haipiti. Nyama ile hufa, likabaki tundu. Mkojo wavuja usiku na mchana. Na mtoto mwenyewe mara nyingi huwa keshafariki.

Ami Athmani, 19:49: La haula. Mbona hatuwaoni?

Mwanaisha, 19:51: Wako vyumbani, Ami. Harusini hawaendi, matangani hawaendi, waona haya kwa harufu. Na wengi wakishonwa hupona! Madaktari wakipiga kambi mara nyingi hawatozi kitu, lakini mtu atoke ndani huko Ganze au Kinango kwa nauli ya nani? Akishashonwa hukaa na mpira wa mkojo kama wiki mbili. Nyumbani apike nani?

Faiza: 📷 Picha 12

Mama Rukia, 20:03: Mashallah. Lakini Faiza mwanangu, nimehesabu. Picha saba, mama kabeba mtungi kichwani. Saba! Kama nguvu ni kubeba, si mngemchora hamali wa Marikiti?

Faiza, 20:04: 😂😂 Mama Rukia jamani

Mama Rukia, 20:05: Nasema kweli. Tumesifiwa kwa kubeba mpaka migongo yatuuma.

Faiza, 20:07: Basi tazama ya tisa. Mekatilili.

Ami Athmani, 20:11: Hiyo naipenda. Mwaka 1913 yule mama alizunguka vijiji vya Giriama akicheza kifudu, watu wakamfuata, akawaapisha wasimpe Mwingereza vijana wala kodi. Wakamhamishia Kisii, akatoroka, akarudi pwani kwa miguu. Hakubeba mtungi wa mtu.

Mama Rukia, 20:12: Haya, umeniunga mkono leo, tarehe iandikwe.

Ami Athmani, 20:14: Ila hii ya mwanamke kageuka, aonekana mgongo tu, ni nani?

Faiza, 20:15: Mwana Mkisi. Wazee husema mji huu wa Mombasa ulikuwa wake, kabla ya kutawala Shehe Mvita. Sura yake haijulikani, msanii akaona asizue.

Ami Athmani, 20:16: Adabu hiyo. Na hii ya pakiti za unga? Takataka zauzwa siku hizi?

Faiza, 20:19: Ami, Rosemary Karuga alisomea sanaa Makerere tangu 1950, na rangi zilipomshinda bei alikata pakiti za unga na za sabuni akabandika. Kazi zake zimevuka bahari.

Ami Athmani, 20:20: Nimenyamaza.

Mama Rukia, 20:26: Shangazi Zena, na hii bafta yako je? Bafta nyeupe si sanda hiyo? Yanitia baridi.

Shangazi Zena, 20:33: Kwanza mimi si msanii, napaka maharusi hina. Pili, nguo nyeupe ndiyo ionyeshayo hina. Nimeitia pindo na mji kama leso. Hapo kati, kwenye mji, ni mikono ya marehemu mkunga wetu. Angalieni kucha, nimezifanya fupi. Hakufuga kucha yule hata Idi.

Mwanaisha, 20:34: 😢 Ndiyo yenyewe wallahi.

Faiza, 20:35: Jina bado hajalitia. Leso bila jina itakuwaje? Nipeni jina.

Ami Athmani, 20:36: Mkono mtupu haulambwi.

Mama Rukia, 20:37: Ami! Twachangisha, hatuhongi.

Faiza, 20:38: Uchungu wa mwana aujua mzazi?

Mama Rukia, 20:38: Hiyo kila nyumba inayo, kwangu nadekia.

Shangazi Zena, 20:45: Nshaandika. SUKUMA MWANANGU NIKO HAPA. Ndivyo alivyokuwa akisema.

Mwanaisha, 20:46: Nami wodini nasema hivyohivyo. Sikujua nimelitoa wapi.

Ami Athmani, 20:50: Mtu atundike ukumbini, wageni wake wasome "sukuma"?

Mama Rukia, 20:51: Wasome. Kwani wao waliingia duniani kwa lifti?

Faiza, 20:52: 😂 Bei ya kuanzia 4,000. Jambo jingine: ukuta wetu ni wa mawe na chokaa, msumari hauingii. Nani ana kamba?

Ami Athmani, 20:55: Ninayo ya jahazi, ntaileta. Ile ya mikono msiiuze kabla sijafika.

Mama Rukia, 20:55: Nshaitaka mimi. 4,500.

Shangazi Zena, 20:56: Nyote wawili mlizaliwa mikononi mwake. Shindaneni.

Ami Athmani, 20:57: 4,600.

Mama Rukia, 20:57: Mia? Ona haya, mwanamume mzima.

Ami Athmani, 21:04: 6,000. Na kamba yangu nirudishiwe.