Bafu jipya la ghorofani, nyumba ya mawe Mji Mkongwe: vigae au chokaa?

BintiShangani
Assalaam alaykum wanajamvi. Nyumba ya bibi yetu iko Shangani, ya mawe na boriti. Choo kiko uani chini, na bibi sasa ngazi zinamshinda usiku. Tunataka bafu juu, kwenye chumba kidogo kinachopakana na chake. Fundi wa kwanza anataka kubandua chokaa yote, apige saruji na vigae vyeupe mpaka darini. Bei yake nafuu na anamaliza upesi. Wa pili anasema chokaa ibaki, vigae viwe pale pa kuogea tu. Chumba kina vidaka viwili (vile vishubaka vya ukutani) na dirisha la mbao, navipenda mno. Mngechagua lipi?

FundiMwashi
Wa alaykum salaam dada. Mfuate wa pili. Ukuta huo una unene wa kama nusu mita, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi yake vinatafuta njia juu ya pale saruji ilipoishia. Hapo plasta inavimba kama andazi, ukiigusa inamwagika unga. Kibaya zaidi ni boriti. Vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta, ndivyo vinavyooza kwanza, na huvioni mpaka sakafu ianze kuinama.

Kaka_Mkunazini
Nampinga fundi kidogo. Kwetu tuna vigae na saruji, bafu linasuguliwa vizuri, halina ukungu. Mafundi wa chokaa wamebaki wachache, na ukimpata asiyeijua utalipa mara mbili. Halafu tumtazame bibi: anataka sakafu isiyoteleza, chuma cha kujishikia, choo cha kukaa chenye kimo kinachomfaa. Hayo mbele, vidaka baadaye.

FundiMwashi
Kaka, bafu lenu liko chini au juu?

Kaka_Mkunazini
Chini, nyuma, kwenye banda lililoongezwa kwa matofali.

FundiMwashi
Basi hatuzungumzi ukuta mmoja. Matofali na saruji yanaelewana. Ila kuhusu bibi uko sahihi kabisa.

MwanaLangoni
Salamu kutoka Lamu. Nyumba zetu za mawe zilikuwa na vyoo na mabirika (matangi ya maji ya kujengewa) ghorofani tangu zamani, na kuta ni za chokaa. Kwenye birika waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa walijengea bakuli la Kichina ili maji yakipungua samaki wapate pa kubaki. Huko kwenu pia, hamamu ya Seyyid Barghash pale Hamamni ni ya mawe na chokaa, na watu walioga maji ya moto humo. Dada, angalia ukuta wa nje uko upande gani, maji yote yakae huko. Zidaka weka sabuni na taulo, usizizibe.

BintiShangani
Ukuta wa nje ndio wenye dirisha. Mama anauliza kama beseni kubwa la kuogea litawezekana.

FundiMwashi
Hapana. Lita 200 za maji ni kilo 200, bila beseni wala mtu. Boriti hizo hazikukusudiwa uzito huo. Weka shawa, na kiti cha kuogea. Zege nene pia usimwage. Fundi atandike karatasi ya kuzuia maji, ipande ukutani pembezoni mote, kisha vigae vya kukwaruza vyenye mteremko kuelekea tundu la maji. Vigae vya ukutani vibandikwe kwenye bodi ya simenti iliyoachiwa nafasi nyuma, ukuta upumue. Mabomba yapite usoni mwa ukuta, usichimbe. Likivuja utaliona siku hiyohiyo. Kabla ya vigae, ziba tundu, jaza maji usiku kucha, asubuhi kakague dari ya chini.

Kaka_Mkunazini
Hiyo ya kujaza maji nimeipenda. Na chuma cha bibi kitashikwa na nini, kama ukuta ni wa chokaa?

FundiMwashi
Kisishikwe na plasta wala bodi. Toboa mpaka kwenye jiwe gumu, au simamisha nguzo ya mbao kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti ya juu, chuma kifungwe hapo.

BintiShangani
Tumeafikiana na fundi wa pili. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe tuombe kabla hajagusa kitu, au baada ya mchoro?

MwanaLangoni
Nenda na mchoro, na picha za chumba kilivyo sasa.